Kalima Iko Kimya Leo

Wakati wa vita, mtu aliyependwa kuliko wote mjini Kindu hakuwa padri wala sheikh. Alikuwa Tambwe wa phonie. Njia zilifungwa, treni ililala, na hiyo phonie, redio yake ya betri ya gari, ndiyo iliyoongea na miji ya Kalima na Lubutu. Ukitaka kujua kama kaka yako anapumua, ulikwenda kwa Tambwe. Habari njema alizitoa kwa mbwembwe, mpaka akina mama wakawa wanamletea ndizi na sombe, majani ya muhogo yaliyoiva vizuri kwenye mawese. Habari mbaya, haya, hizo alizimung'unya kwanza.

Mwaka wa tisini na kenda, Alhamisi moja, Kalima ikaita. Donatien, mchimba madini, mume wa Scholastique, amekufa kwa homa. Mke wake aambiwe. Na kulikuwa na maneno mengine. Tambwe aliandika yote, na kabla wino haujakauka Scholastique mwenyewe akaingia, anacheka, bakuli la sombe mkononi.

"Papa Tambwe, bwana yangu anasema nini?"

Tambwe akafunika karatasi kwa kiganja. "Kalima iko kimya leo, mama."

Na kweli ilikuwa imeshanyamaza! Hapo ndipo ujanja wake ulipo. Nitamwambia Alhamisi ijayo, alijiahidi. Alhamisi hiyo ikazaa nyingine. Vita vikaisha, simu zikaja, Scholastique hana namba ya mtu wa Kalima, redio ikawa nyumba ya mende, na yeye bado anajitetea moyoni: sikudanganya, nilinyamaza tu. Mtu mzima, aibu! Mficha maradhi kifo humuumbua, walisema wazee. Huyu alificha kifo chenyewe, sijui aumbuliwe na nini.

Okito, fundi cherehani, mwanamume mpole ajabu, alimposa Scholastique mara tatu. "Mimi niko muke wa muntu," alijibiwa mara zote. Okito akaja kumuuliza Tambwe kwa siri kama Donatien yuko hai. Tambwe akakuna sikio, akasema mambo ya vita nani anayajua. Okito akaenda kuoa mji wa Kibombo. Tambwe alikwenda harusini, akaacha sahani nusu, akarudi na siri yake.

Miaka ishirini na mitano ikaenda hivyo. Asubuhi moja Tambwe anapita mbele ya nyumba ya Scholastique, anakuta pikipiki, mfuko umefungwa nyuma, na mama ameshapanda, kitenge kipya.

"Njia ya Kalima imetengenezwa, Papa Tambwe! Miguu ingali na nguvu, naenda kumutafuta mwenyewe. Nimemushonea na shati."

Tambwe alimwona akilini yuko kule Kalima, mlango kwa mlango, na shati lake mkononi. Akashika usukani wa pikipiki. "Shuka, mama. Donatien alikufa. Niko na habari tangu ile Alhamisi ya sombe."

Scholastique hakulia. Alishuka, akakaa kwenye kigoda. "Ulikuwa unatangaza vizuri. Tangaza. Yote, kama walivyokuambia."

Basi mzee wa watu, kofia mkononi, majirani wanatazama, akasimama. "Kindu, Kindu, hapa Kalima. Donatien amekufa kwa homa. Tumemuzika karibu na kanisa. Muke wake aambiwe..." Akatazama kofia yake. "Aambiwe, marehemu amesema asimungoje. Angali kijana. Aolewe." Halafu, kwa mazoea, akaongeza lile neno la phonie la kumpa mwenzako zamu: "À toi."

Hata mwenye pikipiki alizima mashine yake.

"Bwana yangu aliniachilia," Scholastique alisema, "na wewe ukanishika."

"Niliogopa kukuumiza, mama."

"Hapana, Tambwe. Uliogopa kukosa sombe."

Matanga yalifanyika siku tatu, mtaa mzima ulijaa. Tambwe alichota maji, akapasua kuni, hakuna aliyemwambia asante. Alhamisi iliyofuata alirudi peke yake, akabisha hodi. Ndani, mchi ulikuwa unatwanga kinuni.

"Scholastique, nimekuja kuomba musamaha. Unanisamehe?"

Mchi ukasimama.

"Kindu iko kimya leo, papa," mama akajibu, akaendelea kutwanga.

Tambwe akavaa kofia yake, akaenda. Alhamisi ijayo atarudi.