Meno ya Kusalishia

Mzee Korane alipoacha kutusalisha, nyumba yetu ya wazee hapa Garissa ilipoa kama jiko lisilo na kuni. Mimi Yarrow, niliyekuwa nikiwapikia na kuwaogesha wazee wale, nilizoea kuamka kwa Fatiha yake. Sauti ile ilinirudisha kwetu Wajir, kwa marehemu baba. Niliikosa mpaka nikawa mkali kwa kila mtu.

Chanzo kilikuwa meno yake ya bandia, aliyotengenezewa Nairobi baada ya vita vya Mtaliani. Alikuwa akiyavua kila anapotawadha. Siku moja aliyasahau juu ya jiwe kando ya pipa la maji, na aliporudi hayapo. Bila meno, herufi zilimtoka pumzi tupu. Akasema asiyeweza kutamka asisimame mbele ya watu, akamtanguliza mwenzetu Mahat, anayesoma kama anayekimbizwa na fisi.

Tulipekua kila kona. Nikaenda ofisi ya serikali kuomba daktari wa meno. Nikajibiwa Tana imefurika na malori hayapiti, basi tungoje. Nikarudi tena na tena, jibu ni hilo hilo.

Mafuriko yalipoanza kupungua, Ayeyo Sharifo, bibi wa humo nyumbani asiyeona vizuri, akaniuliza tumepoteza nini.

"Meno? Wallahi, mimi nazika!"

"Umezika?"

"Meno ya mtu nakuta chini. Naacha mbwa ikule? Nasema bismillahi, nazika."

Kwetu nywele, kucha na jino la mtu huzikwa, na macho yake hayakumwonyesha kuwa haya ni ya bandia. Nilikuwa tayari kumfokea, nikashindwa.

Tukayafukua penye ua, mazima kabisa. Nikayachemshia maji, nikayasugua. Mzee Korane akayatia kinywani, akaanza, "Alhamdu..." Yakamdondokea kiganjani. Fizi zilikuwa zimenywea kwa kukaa muda mrefu bila meno.

Hatimaye daktari akafika. Akazipapasa fizi, akatikisa kichwa. "Mngeniita mapema ningeyakaza haya haya."

"Tulikuita!" nikamjibu kwa hasira.

Akachukua kipimo kwa nta. Mapya angeyaleta safari ijayo, mwakani.

Mzee Korane akamshika mkono. "Daktari, ya nyuma wacha. Uji nakunywa, nyama nasamehe. Nipe ya mbele tu. Leo."

"Haiwezekani, mzee. Hutengenezwa Nairobi."

"Mimi na mwakani hatujaahidiana," akasema, akamwachia mkono.

Magharibi ilipoingia, Mahat akaanza mbio zake. Mzee Korane alisimama mwisho wa safu, bega lake likigusa langu. Midomo ameifumba, machozi yanashukia ndevuni. Nilitamani sana kumshika mkono, lakini tulikuwa ndani ya sala.