Mashine Ilipomtoa Malkia

Mwaka ule mashirika ya umma yalipokuwa yakiuzwa, Isakwisa, meneja wa ghala la mahindi mjini Sumbawanga, alikuwa na kawaida ya kuwasha mashine ya sataranji wakati wa chakula cha mchana. Aliachiwa mashine hiyo na mtaalamu wa mradi uliofungwa. Mashine ilichagua hatua zake kwa taa nyekundu za ubaoni. Isakwisa aliisogezea kete, kisha akacheza zake, upande wa mnunuzi wa ghala.

Kete za mashine zilikuwa wafanyakazi. Hilo lilijulikana tangu farasi aliposogezwa ukingoni mwa ubao, na Kasmir wa mizani akajikuta bandarini Kasanga, kijiko mkononi. Alirudi na lori la dagaa, akaendelea kupima. Aliyeliwa hakurudi. Clemens, mpakiaji, aliliwa juma lililopita. Tangu hapo halioni lango la kuingilia. Liko wazi, naye anapapasa ukuta.

Mnunuzi alitaka watu wapungue kabla ya makabidhiano. Isakwisa hakupenda kuchagua, akaiachia mashine.

Siku hiyo taa iliwaka chini ya malkia, kisha kwenye mraba ulio hatua moja ya mshazari mbele ya askari wa mnunuzi, ambaye angemla mara moja. Malkia alikuwa Josefina, mtunza funguo.

“Inamtoa bure,” Kasmir alisema. “Mashine imelewa kimpumu.”

“Ngoja kwanza.”

Isakwisa alishawahi kuicheka michezo ya namna hiyo, ikamshinda baadaye. Alifuata njia moja hadi mwisho, akarudi, akafuata nyingine. Chai yake ilipoa. Kasmir aliacha kutafuna.

Josefina alitokea mlangoni na mwiko.

“Bosi, ni kosa au ni nguvu?”

Isakwisa alitamani liwe kosa. Mashine mbovu huzimwa.

“Ni nguvu, dada. Ukibaki, mfalme anakufa. Ukiliwa, anapona.”

“Na mfalme ni nani?”

Kasmir alitazama dari. Isakwisa alinyoosha tai yake.

“Ungeniambia asubuhi,” Josefina alisema, “nisingebandika maharage.”

“Si mimi, dada. Ni mashine.”

“Mashine haina mkono, bosi.”

Isakwisa alimsogeza malkia. Kisha, kwa mkono uleule, alichukua askari wa mnunuzi, akamla malkia, akamlaza ndani ya boksi.

Josefina aliweka funguo mezani, akatoka kunawa kwenye bomba la nje. Kutoka dirishani walimwona akirudi, kiganja ukutani. Alilipita lango, akageuka, akalipita tena. Clemens, aliyekuwa amekaa chini ya ukuta, alimpigia makofi ya taratibu, kama Wafipa wanavyoamkiana, akamsogezea tofali akae.

Maharage yalipoanza kunukia kuungua, Isakwisa aliyaepua mwenyewe. Yalikuwa yameiva vizuri. Kasmir alileta sahani yake, akapakuliwa.

Ubaoni mfalme alikuwa salama. Taa ilikuwa imeshawaka tena, chini ya farasi.