Mvuke wa Chai ya Saa Nne

Mwalimu Loyce alikuja Newala kutoka Bukoba, ambako mvua hunyesha bila kuombwa. Tulimpa darasa la kwanza, watoto tisini na ushei katika chumba kimoja, na kabla mwaka haujafika nusu wengi wao walikuwa wanasoma. Binti yangu Ethel ni mmoja wao. Njia nzima ya kurudi nyumbani alikuwa ananisomea maandishi ya kwenye mifuko ya saruji na mabango ya vocha. Kwa hiyo nikisema kwamba sikutaka Loyce aondoke, mjue nilikuwa na sababu yangu.

Mwezi wa nane alichaguliwa kwenda Masasi kwenye mafunzo ya kupunguza msongo wa mawazo kwa walimu. Alfredi, mwalimu wa hisabati, alimtuma akawaulize wakubwa kama dawa ya msongo si kujenga madarasa. Tulicheka, ingawa kicheko chetu siku hizo kilikuwa kifupi. Mtihani wa darasa la saba ulikuwa unakaribia. Shingo yangu ilikuwa imekakamaa kama mpini wa jembe. Mwalimu Mkuu Dominic alikuwa anagombana hata na kengele. Alfredi na Mama Fakihi, mwalimu wetu mkongwe kuliko wote, hawakuwa wamesalimiana tangu siku walipogombea boksi la chaki.

Loyce alirudi na furushi la mchaichai na majani ya mkaratusi. Alitueleza kuwa harufu njema ikivutwa taratibu kwa pua, macho yakiwa yamefumbwa, moyo hupunguza mbio na mabega hushuka. Alfredi akasema bibi yake alikuwa akimfukiza hivyohivyo kila alipopata mafua, na hakuwahi kupewa cheti.

"Basi utakuwa wa kwanza kuinama," Loyce akamjibu.

Jumatatu asubuhi alichota maji kwenye tangi la shule, akajaza sufuria kubwa, akachemsha majani yake. Tukainama wawili wawili chini ya kanga. Sitadanganya, ilikuwa raha. Mvuke uliingia puani ukashuka mpaka mahali nilipokuwa nimesahau kuwa napo panachoka. Alfredi alitoka chini ya kanga uso ukimtiririka, akamwamkia Mama Fakihi, naye akaitikia.

Kisha Loyce akashika sufuria kwa vitambaa, akatoka nayo nje, akamwaga maji yote mchangani.

Maji ya tangi lile ni mvua ya masika iliyotiririka kutoka kwenye bati la shule. Tunayafunga kwa kufuli, na tunayanywa hadi mvua nyingine ikubali kuja. Mama zetu walishuka bondeni kutafuta maji, wakapanda nayo kichwani ukingo mzima wa uwanda wetu wa juu. Huku mtoto hukaripiwa kwa kumwaga maji kabla hajajua kusema uongo.

Mama Fakihi alisimama mlangoni akilitazama lile doa likinyonywa na mchanga.

"Mwalimu, maji hayo umemmwagia nani?"

"Yalikuwa yamemaliza kazi, Mama."

Jibu hilo ndilo lililoharibu. Siku hiyohiyo Mwalimu Mkuu alipiga marufuku mafukizo, na ufunguo wa tangi akakabidhiwa Mama Fakihi. Alfredi akamtungia Loyce jina, kwa kuwa kwao Bukoba ni kando ya ziwa: Bibi Ziwa. Huku kwetu jina la utani hushika kama maji ya bibo la korosho kwenye shati jeupe. Wiki haikuisha kabla hata watoto wa darasa lake hawajalijua.

Ijumaa nilimkuta peke yake darasani, anafuta ubao uliokwisha kufutwa. Akaniambia ataomba uhamisho. Hakuwa na hasira na mtu, alisema, ila hawezi kufundisha mahali anapoonekana mharibifu. Sikumbembeleza. Nilimtaka aje kwangu jioni tule, ndipo aamue.

Sikumfundisha kitu. Aliona mwenyewe. Maji niliyooshea mchele yaliloweka vyombo. Maji aliyoogea Ethel yalifuata kijifereji hadi nyuma ya bafu, penye kichaka cha mchaichai kilichonawiri kuliko chochote uani. Loyce alikitazama kichaka kile mpaka nikamwita mara mbili kula.

"Anjelina," akasema, "kumbe hapa maji hayamalizi kazi."

"Hayamalizi," nikamjibu, na maringo yangu sikuyaficha. "Mmakonde akikupa kikombe cha maji, amekupa kitu kilichopanda mlima."

Tukala. Alipokuwa ananawa akaniuliza ni nani anayepika chai ya walimu ya saa nne.

Jumatatu alimfuata Mama Fakihi mbele yetu sote, akapiga goti kama wanavyofanya kwao.

"Shikamoo, Mama Fakihi. Nilimwaga jasho la watu, unisamehe. Leo naomba maji ya chai tu, yaleyale ya kila siku, yasizidi hata kikombe."

"Marahaba." Mama Fakihi akaenda kufungua tangi, akayapima mwenyewe.

Loyce akatia mchaichai na maganda ya limau, akafunika. Saa nne akafunua sufuria katikati ya meza, akatualika tuiname. Tukavuta pumzi kwanza, tukashusha mabega, kisha tukamiminiwa tukanywa. Maji ya kusuuzia vikombe aliyabeba hadi kwenye vibuyu chirizi wanaponawa watoto, maana hapo alikuwa amepanda mashina aliyoyang'oa kwenye kichaka changu.

Mama Fakihi alikuwa amekunja mikono muda wote huo. Tulipokwisha kunywa aliinuka, akaiinamia chai iliyobaki, akajifunika kanga yake mwenyewe. Alikaa humo mpaka Alfredi akauliza kama amesinzia.

"Nyamaza wewe," sauti ikatoka chini ya kanga. "Niache na maji yangu."

Mikorosho ilipoanza kuangusha mabibo, wakufunzi wa Masasi walitutembelea na vichupa vyao vya mafuta ya kunusa. Wakashangaa shule yenye shida ya maji imewezaje kuendelea na mvuke kila siku. Mama Fakihi hakumsubiri Mwalimu Mkuu ajibu.

"Nyinyi mnanusa halafu mnamwaga," akawaambia. "Sisi tunanusa, tunakunywa, tunasuuza vikombe, na tone la mwisho tunaimwagilia dawa yenyewe. Mwalimu wetu huyu ndiye aliyeanzisha."

Loyce akainamisha uso. Uhamisho hajaomba. Jina la Bibi Ziwa limebaki, ila siku hizi akiitwa anaitika kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. Na juzi Mama Fakihi alipokwenda Makote kumwoza mwanawe, ufunguo wa tangi hakumwachia Mwalimu Mkuu, wala mimi niliyezaliwa hapa. Alimwachia Bibi Ziwa.