Gari la Bonaventure Lapata Freni

Mume wangu Bonaventure alinunua Uvira gari kuukuu la Kimarekani, jekundu, refu, la milango miwili, lenye injini inayonguruma hata likiwa limesimama. Huko kusimama ndiko kulikuwa na shida. Kwenye kona mkia ulitaka kutangulia kichwa, na ukitaka lisimame Baraka, uanze kukanyaga freni Mboko. Nyumbani kwetu Baraka alilisimamisha kwa kuligongesha kwenye rundo la mchanga, nami nikifumba macho.

Kwa hiyo hakubeba mtu. Aliyepunga mkono barabarani alipigiwa honi na kelele moja, freni haiko, akaruka pembeni na kusamehe. Mama yangu, anayeishi Nundu, mbele ya Mboko, aliyepitwa tena na tena na beseni la samaki kichwani, hakusamehe. Aliapa hatakanyaga kwetu mpaka mkwe wake asimame kumchukua. Na mtoto wetu Gentille alikuwa anabatizwa Jumapili. Nani angembeba kanisani kama si bibi yake? Nililia, kisha nikakasirika, nikamwambia Bonaventure kwamba gari lisiposimama, atakayeondoka ni mimi.

Akalipeleka kwa Déogratias, fundi wa Baraka. Huyo aling'oa freni za zamani, akaweka za diski alizozitoa kwenye jipu lililokufa, akabadilisha matairi na amotisa za kupunguza mtikiso, akafunga chini chuma kinene cha kulizuia lisilale kwenye kona. Tukalijaribu kwenye mteremko wa Fizi. Kona zote tulizipita kwa adabu. Mbuzi akakatiza, Bonaventure akakanyaga, gari likasimama palepale. Mbuzi mwenyewe alishangaa, akabaki anatutazama. Mume wangu alitokwa na machozi.

Jumamosi tukaenda Nundu kumchukua mama. Kumbe habari zilikwisha kututangulia. Mboko nzima ilijua gari linasimama. Kabura, mkimbizi kutoka Burundi anayelima mihogo, alipunga mkono, na Bonaventure angesema nini? Kabura alikuwa anaenda Baraka, sisi tunatoka Baraka, lakini akapanda hivyo hivyo na kuku wake wawili, asije akakosa nafasi tukirudi. Wengine wakaona ana akili. Wakapanda mama wawili wa kwaya, shangazi mwenye gunia la unga, na mtu aliyesema ni ndugu yetu. Freni zilimlevya mume wangu. Alisimama hata kwa wasiopunga mkono. Nilimnong'oneza kwamba kiti cha mama kinakwisha. Akasema tutaona mbele ya safari.

Mbele ya safari, mama alikuwa kando ya barabara na kitenge kipya. Ndani hata kidole kisingepata pa kukaa. Bonaventure alimwona, aibu ikamshika, mguu ukarudia mazoea yake. Akapiga honi.

"Mama, freni haiko!"

Akampita mama mkwe.

Kabura ndiye aliyesema, polepole, "Lakini papa, freni iko."

Nilimkazia mume wangu macho. Akakanyaga, kuku wakafika kwenye kioo. Mama alikuja bila haraka, akainama dirishani kwake.

"Mukwe wangu, zamani motokari njo ilikuwa inanipita. Leo ni weye."

Hakuna aliyeambiwa kitu. Walishuka mmoja mmoja, hata yule ndugu yetu, wakabaki Nundu, mbali zaidi na Baraka kuliko walipopandia. Mama alipanda nyuma, mbali na mkwe wake kama heshima inavyotaka, akasema anakuja kwa sababu ya mjukuu, si kwa sababu ya mtu mwingine. Nilifurahi. Mume wangu nilimhurumia kidogo, kidogo sana. Alituendesha taratibu mno hadi Baraka, injini ile kubwa ikinung'unika, baiskeli zenye mizigo ya mihogo zikitupita moja baada ya nyingine, wala mimi sikumwambia aongeze mwendo.