Kona ya Bi Zamzam

Barabara ya kwenda kwetu Nambindo, ng'ambo ya Rufiji, haijawahi kutulia. Wazee walianza na kinjia tu, kinazunguka madimbwi ya tembo. Mjerumani akakinyoosha, ana haraka na pamba yake. Mwingereza akaikunja ipite mbele ya kambi, apokee barua huku anakunywa chai. Tukapata Uhuru, tukainyoosha tena, tukaiita maendeleo. Halafu ikaja Operesheni. Lori likatubeba sisi na kuku wetu, likatumwaga barabarani eti huduma zitufikie. Tumejenga, udongo haujakauka, barabara ikahamishwa. Tukabebwa tena kuifuata.

Mimi wakati huo nimemaliza shule, kazi sina, nazurura Kariakoo na kulala kwa mjomba Bakili, muuza nazi mtaa wa Msimbazi. Tukasikia watu wa kwetu wanaitwa kwenye ukumbi mmoja Mchafukoge, mhandisi anakuja kueleza barabara mpya. Bibi yangu, Bi Zamzam, alikuwa mjini anatibiwa macho. Akasema lazima nimpeleke. Nyumba yake ya tatu ndio kwanza imeezekwa, na alishaapa ya nne hajengi.

Mhandisi kijana, kaunda suti imenyooka kuliko barabara yoyote ya kwetu. Akatandika ramani mezani, akalaza rula juu yake: safari hii mstari mmoja, kona hakuna. Mjomba akauliza, na Nambindo je? Akajibu kwa upole kwamba wananchi watasaidiwa kusogea. Watu wakapiga makofi, maana mikutanoni tulishazoea kupiga makofi kwanza, kuelewa baadaye.

Angeishia hapo angepona. Lakini akataka tumwone mwenzetu wa kusini, akajitambulisha: Kasmir, Mngoni wa Peramiho.

Sisi Wangindo. Wangoni ni watani zetu tangu babu zao walipochoka kupigana na babu zetu. Na mtani akishika kitu chako humnyang'anyi, unakikomboa kwa anachotaka yeye.

Bibi akainuka, akaenda mezani, akakunja ramani, akaikalia.

Mwenyekiti akataka kuita mgambo. Kasmir akamzuia, jasho linamtoka. "Mwache, ndugu. Huyu mtani wangu."

"Babu zako walitukimbiza na mikuki," bibi akamwambia. "Wewe mkuki umekushinda kubeba, umekuja na rula."

Ukumbi mzima ukacheka, hata mwenyekiti. Kasmir akaahidi khanga. Bibi akauliza aivae wapi, kwenye lori? Akaahidi soda kwa wote. Hapo tukamtazama bibi kwa matumaini makubwa. Akakataa.

"Sasa unataka nini, bibi?"

"Kona."

"Barabara inatakiwa inyooke."

"Basi kainyooshe bila ramani."

Ikabidi. Bibi akajiinua upande mmoja, akamwachia kipande chenye Nambindo tu, penseli ikachora kona imepinda kama kiwiko, inapita mlangoni kwake. Akadai na mhuri. Ukagongwa. Ndiyo akanyanyuka.

Barabara yenyewe haikujengwa. Trekta liliharibika, tukaambiwa spea zinatoka nje. Lakini mabwana wa kuhamisha watu walipofika na lori lao, wakafungua ramani: Nambindo iko barabarani kabisa, tena kwa mhuri. Wakatupongeza kwa kuitikia wito, wakageuza lori likarudi tupu.

Bibi sasa amepanda mpapai katikati ya hiyo barabara. Umeshaanza kuzaa.