Tangi Juu ya Ukuta wa Udongo

Jengo la maduka pale Nshamba ni la matofali mabichi, tangu enzi za Wahindi. Vita vya Uganda vilipoisha lilikuwa limebaki bila bati. Mwaka themanini na saba wakaja wakubwa wa mradi na ramani. Wakasema watalifufua: mvua ya paa ijaze tangi la zege juu ya kuta, na madirisha yapanuliwe, koroboi zisiwashwe mchana.

Mimi ni mwashi, nimeishia darasa la nne. Nilimwambia msimamizi, Bwana Ishengoma, kwamba ukuta wa udongo haubebi zege, tangi likae chini. Akaniuliza chuo nilichosoma kiko wapi. Vibarua wakacheka.

Nikaendelea na kazi kwa sababu ya binti yangu Jovita. Alipewa chumba cha kona humo jengoni, anashonea cherehani ya marehemu mama yake, Paskazia, aliyekwenda na ugonjwa huu wa kukonda. Kile chumba ndicho kilichokuwa kinatulisha.

Kwetu jirani akifa hakuna anayeshika jembe wala mwiko mpaka azikwe. Na miaka hii tunazika kila wiki. Zege la tangi likamwagwa vipande vipande kati ya misiba mitatu, kila kipande kikakauka peke yake bila kunyweshwa maji. Niliomba tuvunje tuanze upya. Ishengoma akasema, "Mnazika mno ninyi. Laumuni ugonjwa wenu."

Wetu! Kana kwamba wenye magari unawaruka.

Masika tangi likafika nusu, ukuta ukapasuka kutoka dirisha lililopanuliwa hadi juu. Ishengoma akaleta saruji kidogo auzibe ufa, maana mgeni rasmi alikuwa anakuja kulizindua jengo Jumatatu. Nilimsihi Jovita atoke.

"Tata, nikitoka leo, kesho wanampa mwingine."

Akaendelea kukanyaga cherehani, vumbi la udongo likimwangukia kichwani.

Nikapanda na nyundo na patasi, mchana, soko zima linaona. Nikalitoboa tangi. Maji yakaporomoka hadi barabarani.

"Nathanieli, unaharibu mali ya umma!" Ishengoma akanipigia kelele toka chini.

"Umma wenyewe uko chini yake, unashona."

Nilikaa mahabusu wiki tatu. Jovita walimtoa, sasa anashonea nyumbani, wateja wawili watatu. Mimi naitwa mhujumu. Ishengoma amepandishwa cheo, yuko Bukoba mjini, na nasikia amekabidhiwa jengo jingine la zamani alitengeneze.