Swali la Saba

Mi mtu wa hasira, hilo sifichi, Buyenzi nzima, mtaa wetu huku Burundi, inajua. Lakini miezi mitano na nusu nilikaa kimya katika ile kampuni kubwa ya washauri kutoka Ulaya, ghorofa ya pili kule mtaa wa Asiatique, kwa sababu niliutaka mkataba. Majaribio yalikuwa miezi sita. Mwaka ule wa 2001, mwenye mkataba wa kampuni kama ile alikuwa na dawa za mama yake, kodi ya nyumba na usingizi. Mi nilikuwa na mama tu.

Kampuni ilikuwa na ofisi nchi thelathini, na desturi zake hazikubadilika popote. Kila robo saa ya siku uliandika umefanya nini. Siku moja niliandika "kuswali," nikaulizwa hiyo nimemfanyia mteja gani. Na zile karatasi za maswali, tulizoziita fishi, zilikuja tayari kutoka Ulaya. Huruhusiwi kubadilisha neno. Fishi yenye pengo moja inatupwa.

Kazi yangu ya mwisho ilikuwa kiwanda cha sabuni huko Zone Industrielle, mtaa wa viwanda. Mwenye kiwanda alitaka kujua kwa nini wafanyakazi wanachelewa. Nchi iko vitani, barabara ya Kanyosha wanayopitia inafungwa kila risasi zikilia, na sisi tunalipwa kuuliza sababu. Haya. Méthode, mkuu wa kundi letu, Mrundi mpole mwenye sauti ya chini, aliniambia nimletee fishi arobaini kamili kabla ya Ijumaa, ndipo atasaini mkataba wangu.

Maswali sita yalikwenda vizuri, watu wanajibu huku wanacheka. La saba likasema: umezaliwa kilima gani? Kwetu Burundi kilima ndicho kijiji. Aliyeandika swali lile nadhani alisoma mahali kwamba Warundi wanakaa vilimani, akafurahi. Hakujua kwamba ukiwa na jina la mtu na kilima chake, unakwenda kuuliza ni mtoto wa nani, wa kabila gani, na nduguze wako wapi. Wa kwanza akanyamaza, wa pili akanyamaza, na waliofuata vilevile, mpaka wa arobaini.

Hasira ikanipanda. Nikamgeukia mzee Jovithe, fundi wa mapipa, nikamwambia wananiharibia kazi, na mi Mswahili wa Buyenzi, sina upande katika vita vyao. Alifuta mikono yake polepole.

"Najua, dada. Ndiyo maana tumekujibu yale mengine. Mwaka wa tisini na tano karatasi kama hii ilikuja kwa kazi yangu ya zamani. Tuliandika vilima, watu kumi na moja. Sasa niko mi peke yangu."

Karani wa kiwanda alinihurumia, akaniletea kitabu cha kuajiria, ambamo vilima vyote vimeandikwa, akaninong'oneza ninakili tu, nani atajua? Nami nikanakili. Wote arobaini, kwa penseli, ili nipitishe wino nyumbani. Nikisema nilikuwa mwema kuliko hapo nitakuwa muongo. Mkono mtupu haulambwi, nilijiambia.

Jioni mama alinipakulia chakula, nikakirudisha jikoni. Wino sikuupitisha. Asubuhi niliketi mezani kwangu nikachukua kifutio, nikaanza na mzee Jovithe, nikafuta mpaka wa arobaini. Kwenye karatasi ya muda nikaandika: kufuta, robo saa tano.

Méthode alizipitia zote. Aliona penseli ilipopita, akaelewa. Akasema kwa ile sauti yake kwamba hazipokelewi hivi.

"Kitabu kiko kwa karani, shefu," nilimwambia. "Nenda ukaandike wewe."

Hakwenda. Wala mkataba hakusaini. Ijumaa nilirudi nyumbani na sahani yangu ya chakula cha mchana kwenye mfuko, nikalia, tena si kidogo. Niliwachukia wote, na watu wa sabuni zaidi, wallahi.

Baada ya wiki tatu nilikuwa kwenye duka la viatu la mjomba Hamimu, nampimia mteja mguu, mzee Jovithe akaingia. Karani alikuwa amemweleza yote, kunakili kwangu na kufuta kwangu. Nikaona aibu, nikainama. Yeye alijaribu ndara, akasema zinambana, akajaribu nyingine. Kisha alichutama karibu nami na kunitajia kilima alikozaliwa, na jina la baba yake, na kijito kilichopita chini ya nyumba yao, bila ya mimi kuuliza. Nililia tena, mbele ya wateja, na sikuona haya.